Pedi na kalipa za pikipiki iliyotelekezwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye pikipiki yenye diski mbele, iliyokaa bandani mwaka au zaidi, au bodaboda inayopiga kazi kila siku lakini kalipa yake (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) haijafunguliwa tangu itoke dukani. Hizo mbili hali yake huwa moja. Vipimo ni vya pikipiki za cc 100 hadi 250. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Pedi zimeisha. Kwa nini nisinunue mpya nikafunga, kazi ikaisha?

Kwa sababu pedi mara nyingi ni dalili tu. Kadiri pedi inavyoliwa, pistoni (kipande cha chuma kinachosukuma pedi) inazidi kutoka nje ya kalipa, na ile sehemu iliyotoka inakaa miezi kwenye vumbi, tope na maji. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo lazima pistoni irudishwe ndani, na inapita kwenye sili (pete ya mpira inayozuia mafuta) ikiwa na uchafu wake wote. Vumbi la Arusha na Moshi ni la udongo wa volkano: laini kama unga, lakini linasaga kama msasa. Wiki mbili baadaye breki inashika, diski inaungua, na lawama anabebeshwa muuza spea kwamba kauza pedi feki.

Kama huna muda wa kufungua kalipa yote, fanya angalau hivi. Toa pedi za zamani, weka kipande cha mbao kwenye nafasi yake ili pistoni isichomoke, kisha bonyeza mkono wa breki taratibu mpaka pistoni itoke milimita 5 hivi zaidi. Isugue kwa mswaki na maji ya sabuni ya vyombo, kuizunguka yote, hata upande wa nyuma usioonekana. Suuza, futa, ipake mafuta mapya ya breki, halafu irudishe kwa vidole gumba viwili. Ikirudi kwa vidole, kalipa bado nzima. Ikidai jeki, klempu au nyundo, usiilazimishe. Hiyo ni ya kufungua.

Kabla ya kuirudisha, fungua kifuniko cha kopo la mafuta juu ya usukani na upunguze mafuta kwa bomba la sindano. Usipopunguza yatafurika kwenye tangi, na mafuta ya breki yanabandua rangi.

Gurudumu la mbele halizunguki kabisa. Nitajuaje kama tatizo ni kalipa au masta (pampu ya breki iliyo kwenye usukani)?

Nyanyua gurudumu la mbele. Chomeka mrija kwenye nipo (skrubu yenye tundu, ya kutolea mafuta na hewa) ya kalipa, ncha ya pili iwe ndani ya chupa, kisha fungua nipo robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kalipa haina kosa kubwa: presha ilifungiwa juu, kwenye masta au ndani ya hozi (mpira unaopeleka mafuta kwenye kalipa). Mafuta yakitoka kidogo au yasitoke, na gurudumu likabaki limekamatwa, pistoni au pini za kalipa zimeganda.

Kipimo hiki ni cha dakika 5. Inashangaza watu wengi wanavyokiruka, wakaja kununua kalipa nzima wakati tatizo lilikuwa tundu dogo la masta lililozibwa na uchafu. Tundu hilo lina swali lake huko chini.

Pedi moja imekwisha kabisa, ya pili bado nene. Ina maana gani?

Kalipa nyingi za pikipiki ndogo zina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya upande wake, kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini mbili ili kuivuta pedi ya upande wa pili. Pini zikikauka au zikishika kutu, kalipa haitelezi tena, na pedi ya upande wa pistoni inafanya kazi peke yake. Pedi iliyoliwa mshazari, nene huku nyembamba kule, inasema pini moja inateleza na nyingine imegoma. Pedi zote mbili zikiisha haraka kwa usawa na diski ikawa ya moto hata ukiendesha bila kushika breki, pistoni hairudi.

Soma pedi kabla ya kuzitupa. Na zikibadilishwa, hubadilishwa zote mbili.

Pedi inahesabiwa imeisha ikibaki unene gani?

Nyama ya pedi (sehemu inayosugua diski) ikibaki milimita 2, nunua. Ikifika 1, simamisha pikipiki. Pedi nyingi zina mfereji katikati, nao ukitoweka pedi imekwisha. Ukisikia chuma kinasaga chuma, hapo diski nayo imeshaingia kwenye hesabu.

Ninunue nini kabla ya kuanza kufungua?

Seti ya sili za kalipa: kwa kila pistoni ni mbili, ya ndani inayozuia mafuta na ya nje inayozuia vumbi. Kofia za mpira za pini za kutelezea. Washa (pete bapa) 2 za kopa au alumini za bolti ya hozi, tundu la milimita 10. Mafuta ya breki mililita 250, ambayo yanatosha kujaza mfumo wa mbele na kuusafisha, kwa kuwa wenyewe hauzidi mililita 100. Grisi ya silikoni au ile nyekundu ya mipira. Spiriti nusu lita. Mrija unaoonyesha ndani wa kipenyo cha milimita 5, ule wanaouza kama mpira wa petroli. Mpira wa dripu wa duka la dawa ni mwembamba mno, hauingii kwenye nipo. Bomba la sindano la mililita 50 au 60, hilo duka la dawa wanalo.

Spana utakazogusa zaidi ni namba 8, 10, 12 na 14, na aleni ki ya 5. Pedi na sili nunua ukiwa na za zamani mkononi, au kipenyo cha pistoni kilichopimwa kwa vanya. Jina la pikipiki peke yake halitoshi: matoleo mawili ya pikipiki moja yanaweza kuwa na kalipa tofauti, na nyingi zilizopita mikono mitatu minne zimeshafungwa kalipa ya pikipiki nyingine.

Pistoni imeganda. Naitoaje bila kuharibu?

Kosa kubwa ni kufungua hozi mapema. Nguvu nzuri kuliko zote za kutoa pistoni unayo tayari, nayo ni mafuta ya breki yenyewe. Kwa hiyo kabla hujagusa bolti ya hozi, legeza vitu vitatu wakati kalipa bado imefungwa kwenye shokapu: pini ya pedi, nipo, na bolti ya hozi (ilegeze kidogo kisha ikaze tena). Kalipa ikishatoka na kuning'inia mkononi, bolti zilizoganda zinakuwa adui.

Sasa ifungue kwenye shokapu, toa pedi, na uendelee kubonyeza mkono wa breki huku ukiongeza mafuta kwenye kopo. Pistoni itatoka polepole. Kama zipo mbili, moja itatangulia. Izuie kwa mbao na klempu ili ya pili nayo isogee. Zikifika ukingoni, weka beseni chini, fungua hozi, umalizie kwa mkono.

Ikigoma, loweka kalipa kwenye maji ya moto dakika 10 hivi. Alumini inatanuka kuliko chuma, na mara nyingi hilo linatosha kuiachia. Kompresa inatumika pia, lakini kwa akili: presha ndogo, kalipa imefungiwa ndani ya kitambaa kizito, mbao nene mbele ya pistoni, na vidole mbali. Pistoni inayoruka kwa upepo inavunja kidole. Koleo halishiki pistoni kwa nje hata mara moja. Alama ya jino moja kwenye kromu ni njia ya mafuta kuvuja. Ikibidi kushika, shika kwa ndani, kwenye uwazi wa pistoni.

Nipo imegoma kufunguka. Nikaze spana zaidi?

Usikaze. Nipo ina tundu katikati, ndiyo maana inakatika kirahisi. Igonge kichwani mara kadhaa kwa nyundo ndogo, paka mafuta ya kutu, iache usiku mzima. Tumia soketi ya pembe 6, siyo spana ya wazi, na uanze kwa kuikaza kidogo sana kabla ya kuilegeza. Moto wa gesi unasaidia, ila tu kalipa ikiwa tupu: bila sili, bila mafuta, na haijapuliziwa dawa ya kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zikipata moto zinatoa gesi ya sumu.

Pistoni ina madoa ya kutu. Inafaa kurudishwa?

Pitisha ukucha. Doa lisilokwaruza ukucha ni rangi tu, lisugue kwa Brasso na kitambaa. Ukucha ukikwama, angalia shimo liko wapi. Likiwa kwenye eneo linalopita kwenye sili ya ndani, pistoni haifai. Hakuna msasa utakaorudisha kromu iliyobanduka, na ukisugua unazidi kuipunguza. Likiwa ukingoni kabisa, mahali pasipofika kwenye sili hata pedi zikiwa mpya, inaweza kurudi.

Mashimo madogo ndani ya silinda ya kalipa watu wanayaogopa bure. Kwenye kalipa, sili imekaa kwenye mfereji wa ukuta na pistoni ndiyo inayoteleza juu yake, kwa hiyo uso unaopaswa kuwa kioo ni wa pistoni. Kwenye masta ni kinyume: mipira imevaa pistoni na inasugua ukuta. Masta yenye shimo ukutani ni ya kubadilishwa, hata ukiifunga mipira mipya itavuja.

Nimebadilisha sili zote, pistoni inang'aa, lakini bado inaingia kwa shida. Nimekosea wapi?

Mifereji ya sili. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, hata kwa mafundi wenye uzoefu.

Sili ya ndani siyo duara kama oringi. Ukiikata, umbo lake ni la mraba. Ukishika breki, pistoni inasogea na sili inapinda nayo kidogo. Ukiachia, sili inarudi kwenye umbo lake na kuivuta pistoni nyuma kwa sehemu ya kumi ya milimita hivi. Hakuna springi nyingine inayofanya kazi hiyo. Pikipiki ikikaa, maji yanaingia nyuma ya sili, alumini inatoa unga mweupe mgumu, mafuta ya zamani yanaganda kama sukari guru, na vyote viwili vinajaa kwenye mfereji. Sili sasa imesukumwa kwa ndani, inaibana pistoni badala ya kuirudisha. Ukiweka sili mpya juu ya unga ule ule, umenunua shida mpya.

Kwaruza mifereji kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa au waya wa shaba uliopondwa ncha. Msumari na bisibisi vinakwaruza alumini. Angalia pembe za mfereji kwa tochi, siyo katikati tu, kwa sababu unga hujificha pembeni. Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha, pitisha spiriti. Petroli na dizeli visiguse kalipa iliyo na mpira wowote. Ukimaliza, jaribu: weka sili mpya bila pistoni na uipitishe kidole. Inapaswa kuchomoza kidogo sana na kwa usawa pande zote. Ikivimba mahali pamoja, unga bado upo.

Kurudisha kalipa, mpangilio ni upi?

Lowesha sili kwa mafuta mapya ya breki, siyo grisi, siyo oili. Ya ndani iingie kwanza, kisha ya vumbi, hakikisha hazijajisokota. Paka pistoni mafuta hayo hayo, iweke wima, isukume kwa vidole gumba. Ikiinama, itoe uanze upya.

Pini za kutelezea zisafishe mpaka ziteleze zenyewe, zipake grisi ya silikoni nyembamba, funga kofia mpya. Kama pini moja ina mpira mwishoni na nyingine haina, kila moja irudi kwenye tundu lake. Ukijaza grisi nyingi inafungia hewa ndani na pini inarudi kama springi. Grisi ya beringi inavimbisha kofia za mpira. Tumeandika hilo kwa sababu kopo la grisi hiyo liko kwenye kila karakana na mkono unaenda wenyewe.

Bati la springi ya pedi lisisahaulike wala lisigeuzwe. Ukifunga, kaza kwa vipimo: bolti za kalipa kwenye shokapu kama Nm (nyutoni mita) 30, bolti ya hozi Nm 26 hadi 34, pini ya pedi Nm 18, nipo Nm 6 tu. Washa za bolti ya hozi ni mpya kila mara. Za kopa, ukikosa mpya, unaweza kuzilainisha kwa kuzichoma mpaka ziwe nyekundu kidogo na kuzitumbukiza majini. Za alumini usijaribu.

Breki inashika ikipata moto, ikipoa inaachia. Kalipa nimeshafungua.

Hilo ndilo tundu la masta. Chini ya kopo la mafuta kuna matundu mawili, moja kubwa na moja dogo kama ncha ya sindano. Dogo ndilo linaloyarudisha mafuta kwenye kopo yanapotanuka kwa joto. Likizibwa, mafuta hayana pa kwenda, presha inapanda, pedi zinashika, joto linaongezeka, mpaka usimame.

Fungua kifuniko, bonyeza mkono wa breki kidogo sana huku ukitazama. Unapaswa kuona mafuta yakichomoza kama chemchemi ndogo mwanzoni mwa kubonyeza. (Miwani ni muhimu, yanaweza kuruka hadi machoni.) Usipoona kitu, lizibue kwa uzi mmoja wa waya wa klachi, bila kulitanua. Angalia pia kama mkono wa breki ni wa kununua mtaani: mwingine unaisukuma pistoni ya masta hata ukiwa umeuachia, na tundu linabaki limefunikwa. Lazima kuwe na uhuru mdogo kabla mkono haujagusa pistoni.

Skrubu za kifuniko zikigoma, zigonge kwanza kwa nyundo juu ya bisibisi inayokaa sawasawa. Zilizoliwa vichwa ni nyingi kuliko zilizo nzima.

Nimetoa upepo (hewa kwenye mafuta ya breki) nusu saa, mkono wa breki bado laini. Niendelee?

Kwa kalipa iliyofunguliwa yote, kupampu kutoka juu kunachosha kwa sababu hewa inapenda kupanda na wewe unaishusha. Jaza kutoka chini. Pakia bomba la sindano mafuta mapya, toa hewa yote kwenye mrija, uchomeke kwenye nipo, fungua nipo nusu mzunguko, sukuma polepole mpaka mafuta yaonekane kwenye kopo la juu. Funga nipo kabla hujachomoa mrija. Toa yaliyozidi kwenye kopo.

Baada ya hapo malizia kwa kawaida: pampu mara 3 au 4, shikilia, fungua robo, funga, ndipo uachie mkono. Funga kabla ya kuachia. Kopo lisipungue chini ya alama ya chini. Gonga kalipa na hozi kwa mpini wa bisibisi, mapovu yanashikilia ukutani. Yakibaki machache, funga mkono wa breki kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tairi, ulaze hivyo, kopo likiwa sehemu ya juu kabisa. Asubuhi mara nyingi umegoma kama jiwe.

Bado laini? Tazama hozi wakati mwenzako anashika breki. Ikivimba, upepo hauna kosa. Watengenezaji wengi wanataka hozi ya mpira ibadilishwe kila miaka 4.

DOT 3, DOT 4, DOT 5: niweke ipi?

Ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika. Palipoandikwa 3 unaweza kuweka 4, kinyume chake usifanye. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizo. DOT 5.1 pamoja na jina lake ni ndugu wa DOT 4, siyo wa DOT 5. Aliyetoa majina haya hakuwahi kuuza duka la spea.

Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani. Kwa viwango, DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji asilimia 3.7 kiwango kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Kwa hiyo badilisha kila miaka 2, na chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni masika yote usiitegemee.

Aliyeniuzia aliongeza oili ya injini kwenye kopo la breki. Nikiimwaga inatosha?

Haitoshi. Oili inavimbisha mipira ya mfumo huu, na iliyovimba hairudi. Badilisha kila kilicho na mpira: sili za kalipa, mipira ya masta, hozi, na mpira wa chini ya kifuniko. Vyuma vinaoshwa kwa spiriti na kukaushwa. Maji ya sabuni aliyoyaweka mwingine "ifike tu nyumbani" yana hesabu nafuu kidogo: mfumo ufunguliwe wote na hozi isafishwe, lakini ukiwahi kabla ya kutu mipira inaweza kupona.

Nitatambuaje pedi nzuri dukani?

Tazama ubavuni, pale nyama inapokutana na bati: kusiwe na ufa wala gundi iliyofurika. Liweke bati kwenye kioo cha kaunta, lisibembee. Pedi nyingi zina herufi mbili mwishoni mwa namba, kama FF au GG. Ya kwanza ni msuguano ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi ya pili ikiwa chini ya ya kwanza, pedi inalegea ikipata moto. Bila shaka anayeghushi pedi anaweza kuchapa herufi pia, kwa hiyo bati na gundi ndiyo mashahidi wa kwanza.

Pedi za chembe za chuma zinavumilia tope na joto lakini zinakula diski laini za pikipiki za bei nafuu. Kwa bodaboda ya mjini, pedi ya kawaida inatosha.

Diski ina mistari. Ibadilishwe?

Tafuta maandishi ya MIN TH (unene wa chini kabisa) kwenye diski yenyewe. Nyingi zinaanza na milimita 4 na mwisho wake ni 3.5. Pima mahali pedi inapopita, siyo ukingoni ambako hakuliwi. Ikiwa juu ya kiwango na mistari haikwami ukucha, iache. Mkono ukitetemeka unaposhika breki, diski imepinda; kikomo cha kawaida ni milimita 0.3. Kunyoosha kwa nyundo hatukushauri. Kutu ya juu juu inaondoka yenyewe kwa kuendesha.

Oili ya shokapu imedondokea pedi. Nizichome ziungue mafuta?

Tupa, na kabla hujafunga mpya, tengeneza sili ya shokapu. Diski isafishe kwa spiriti.

Pedi mpya zinashika vibaya kuliko za zamani!

Bado hazijakaa. Tafuta barabara tulivu, nenda kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10, achia, rudia mara 20 hivi ukiipa diski nafasi ya kupoa. Usisimame ukiwa umeng'ang'ania breki ya moto. Kilomita 150 za kwanza ni za upole.

Na kabla hata ya kuwasha injini: pampu mkono wa breki mpaka ugome. Pistoni umeirudisha ndani, kwa hiyo mbonyezo wa kwanza hauna breki kabisa. Wapo wanaoligundua hilo kwenye geti la nyumba yao.

Nabeba abiria Machame na Marangu. Breki inapotea nikikaribia chini. Kalipa mbovu?

Huenda ni mafuta yamechemka. Lango la Machame liko kwenye mita 1,800 hivi, Moshi mjini iko chini ya 900. Pikipiki na watu wawili, kilo 260, zikishuka mita 900 zinatoa nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 6 za maji ya bomba. Kama umeweka gia huru ili kuokoa petroli, karibu yote inaangukia breki, ukiacha inayochukuliwa na upepo na matairi. Mafuta yaliyolowa yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Shuka kwa gia ya 2 au ya 3, shika breki kwa nguvu kidogo kidogo na kuachia badala ya kuisugua mfululizo, na ubadilishe mafuta. Ni hivyo hivyo kwa anayeteremka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu. Ikishapotea, simama, ngoja ipoe nusu saa, usimwagie diski maji.

Vumbi la pedi nilipulize kwa kompresa?

Hapana. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa. Mashine ya kuoshea nayo isielekezwe kwenye kofia za pini wala ukingo wa pistoni. Maji yake yanaingia mahali mvua haifiki.

Breki ya nyuma ni ya dramu. Nayo ifunguliwe?

Ndiyo, ni kazi ya saa moja. Futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa, kwaruza ng'ao ya breki shuu kwa msasa wa namba 120, toa kamu yake (chuma kinachotanua breki shuu), isafishe na kuipaka grisi ya joto, nyembamba. Kamu kavu ndiyo inayofanya pedeli isirudi. Ukirudisha gurudumu, shika pedeli kwa nguvu wakati unakaza nati ya ekseli ili breki shuu zikae katikati, halafu rekebisha fimbo ibaki na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 kwenye pedeli.

Nirudi kukagua baada ya muda gani?

Baada ya siku ya kwanza, tafuta unyevu kwenye bolti ya hozi, nipo na ukingo wa pistoni. Baada ya kilomita 100 hivi, pitisha spana kwenye bolti za kalipa, kisha endesha kidogo bila kutumia breki sana, simama, uguse diski: kidole kiweze kukaa. Baada ya hapo, kila masika ikiisha, toa pini za kutelezea, uzifute na kuzipaka grisi upya.